Usianze na Chatu

Juzi mlinijia hapa watatu, mkasimama mlangoni mnasukumana nani aseme. Nikadhani mmevunja kitu cha watu. Kumbe mlitaka kuniuliza: "Tata, mtu akitaka kufuga nyoka, aanze na yupi?" Eti mmesikia huko Arusha kuna watu wanafuga nyoka kwenye vioo, na wageni wanakwenda kuwatazama. Nikawafukuza. Hasira niliyokuwa nayo haikuwa yenu, na leo imeshuka kidogo. Haya, kaeni. Ila msinikatize, na wewe mwenye kuchekacheka kaa mbali na mimi.

Mimi nilifuga nyoka kabla baba zenu hawajaota meno. Sikuwafuga kwa kutazamwa. Nilikuwa mtunza ghala la mpunga kule Bujonde, enzi za Mwingereza, na nyoka walikuwa wafanyakazi wenzangu, tena kuna wanadamu niliofanya nao kazi ambao hawakufikia hata nusu ya bidii yao.

Mpunga wa bonde hili mnaujua. Ukivunwa ulirundikwa ghalani kusubiri meli, na meli ilikuwa inakuja ikijisikia. Katikati hapo panya wanakula. Panya wa Kyela hawana adabu hata chembe. Wanatoboa gunia upande wa chini ili usione, wewe unakuja kuliinua, unabaki umeshika gunia tupu na mpunga wote uko miguuni. Tajiri mwenye ghala akaleta paka kutoka Mwaya, kwa wavuvi. Paka gani yule! Alishazoea kulishwa usipa wa ziwani, basi panya akipita anamtazama tu, anageuza shingo, analala upande wa pili. Tulimrudisha Mwaya akiwa amenenepa.

Aliyenifundisha nyoka ni mwanamke. Naona mmeshangaa. Jina lake Malita, Mkisi wa ufukweni, mfinyanzi, aliyeolewa na mtu wa Bujonde akafiwa na mume hapohapo. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya ghala, migomba tu ndiyo iliyotutenga. Alikuwa anachoma vyungu vyake kwenye shimo la nyasi na magome, na lile jivu lilikaa na joto muda mrefu. Basi nyoka wa nyumba, wale wa kahawia wasio na sumu, walikuwa wanakuja kutaga humo. Yeye hakuwaua. Panya walimtia hasara kwa kuvunja vyungu vibichi alivyoanika, na nyoka wale waliwala panya. Hivyo wakakaa naye kwa amani.

Siku moja akanikuta napiga panya kwa fimbo, jasho linanitoka.

"Ugonile, juba," nikamsalimia kwa aibu, kama mtu anavyomsalimia mama yake.

"Nimelala salama, mwanangu. Hao utawamaliza lini kwa fimbo? Njoo uchague mlinzi."

Nikaenda. Na mimi, kijana mwenye macho ya tamaa, sikuchagua yule wa kahawia aliyejikunja kwenye jivu. Niliona ukukwi juu ya mti wa limau, kijani kibichi, mwembamba, anapendeza kama shanga. Nikasema namtaka yule. Malita alinitazama, akasema, "Haya, mchukue bwana harusi wako." Nikamweka ghalani. Wiki mbili nzima hakugusa panya hata mmoja. Ukukwi anakula vyura na mijusi, mimi nitajuaje? Nilimkuta kwenye pembe amekonda, na panya wanapita juu ya mgongo wake kwenda kwenye mpunga. Malita alipoambiwa alicheka mpaka akakaa chini, mikono ina udongo, machozi yanamtoka. Halafu akanisaidia kumrudisha mtini.

Basi sikilizeni alivyonifundisha, maana ndicho mlichokuja kuuliza.

Rangi usiitazame. Uliza anakula nini, halafu mwone akila kwa macho yako. Nyoka aliyekula mbele yako ni nyoka mzima. Aliyekataa usimchukue hata ukisifiwa vipi. Mfungue mdomo kwa upole: ukiona ute mzito au usaha, mwache. Pitisha kidole chini ya magamba ya kidevu uone kama ana utitiri. Macho yake yakiwa meupe kama maziwa, anataka kujivua gamba, haoni vizuri na ana hasira, usimguse. Na wewe mwenyewe, ukishashika panya, nawa mikono kabla hujamshika nyoka. Nina kovu hapa kwenye dole gumba. Halikutokana na ukali wa nyoka, nilikuwa nanuka panya, naye akala alichonusa.

Nyumba yake iwe chungu kikubwa, kimelazwa ubavu, ndani maganda makavu ya migomba na kibakuli cha maji. Malita alitufinyangia vyungu vya namna hiyo, vyenye vitundu vidogo ubavuni vya kupitisha hewa, na chini ya ukingo aliweka alama yake, mistari mitatu ya ukucha. Kila mfinyanzi wa Kikisi ana alama yake. Mfuniko uwe wa mianzi iliyosukwa, ufungwe kwa kamba, tena ujaribu kwa kusukuma kutokea ndani. Pale kichwa cha nyoka kinapopenya, nyoka mzima atapita.

Baada ya mwaka mmoja ghala lile lilikuwa na nyoka wa nyumba saba, na tajiri akawa anatusifu kwa watu. Mimi nilimwambia Malita, "Ndaga fijo, juba," asante sana mama, naye akasema nisimshukuru yeye, niwashukuru nyoka.

Sasa nije kwa Ambakisye. Nimekuwa nikimkwepa.

Ambakisye alikuwa mwenzangu ghalani, kijana wa Ndandalo, ametoka kuchimba dhahabu Lupa na kurudi bila chochote isipokuwa kofia na maneno mengi. Mtu mwema. Mcheshi. Alikuwa anaimba akibeba magunia. Alipoona nyoka wangu wananisikiliza (hawanisikilizi, walizoea tu harufu yangu), akataka na yeye wake. Wa kwake mwenyewe, wa kumlea tangu mdogo.

Nikamwambia aende kwa Malita akachague kwenye jivu. Hakwenda. Mwaka huo mto ulifurika, maji yakaingia mashambani, na nyoka wa kila aina wakapanda kwenye matuta ya majaruba ya mpunga. Ambakisye akaokota chatu mchanga, urefu wa mkono, ana mabaka mazuri ajabu. Alikuja naye amemzungusha shingoni, anatabasamu kama mtu aliyepata mtoto.

Ngojeni kwanza. Najua mnafikiri nini. Chatu hana sumu. Chatu ni mtulivu akilelewa. Hata Mzungu mmoja aliyekuwa anapita kupima bonde alimwambia Ambakisye hivyohivyo, kwamba mtu anayeanza, chatu ni mzuri kuliko wengi. Mzungu yule hakusema uongo. Alisema kweli kabisa, ila kweli ya kwao.

Kwetu, tangu mababu, mtu akidhaniwa mchawi husemwa ana chatu tumboni. Anaishi humo, anatoka usiku kwenda kula watu na maziwa ya ng'ombe, anarudi. Na wazee wanaolinda kijiji nao husemwa wana chatu wao wa kupigana na wale wabaya. Mimi Mkristo, nyinyi Wakristo, na ibada tunakwenda. Lakini mtoto akiugua homa isiyoshuka, nendeni mkasikilize watu wanasema nini wakirudi kutoka ibadani.

Malita alipomwona yule chatu alisimama palepale, bonge la udongo mkononi.

"Ambakisye, mrudishe majini."

"Juba, huyu hana sumu! Mtazame, amelala."

"Sikusema ana sumu. Mrudishe. Nyoka wa nyumba akitoroka watu watasema nyoka ametoroka. Huyo akitoroka, watauliza ametoka kwa nani."

"Nani atajua? Nitamweka ghalani, kwenye kona."

"Kijiji hiki? Hata kikohozi chako wanakijua."

Ambakisye akacheka, akasema wanawake wa ziwani waoga. Mimi niliunga mkono maneno ya Malita, naye akaniambia naona wivu kwa kuwa nyoka wangu ni wabaya wa sura. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo wasemavyo. Ila methali hiyo ina kasoro, maana guu lililovunjika halikuwa la Ambakisye.

Alimweka kwenye chungu kimoja cha Malita kilichokuwa ghalani. Akamlisha vizuri mno. Chatu akilishwa hakui kidogokidogo. Ukigeuka unamkuta mwingine. Ikafika wakati chungu kinamtosha kwa shida, na mimi nikawa namwambia Ambakisye kila asubuhi abadilishe mfuniko. "Kesho," anasema. Mfuniko wa mianzi ukalegea. Asubuhi moja tukakuta chungu kitupu.

Tulitafuta chini ya magunia, darini, kwenye mfereji. Hapakuwa na kitu. Na siku zilezile mtoto wa jirani, binti mdogo aitwaye Subilaga, alikuwa na homa. Nyumba yao ilipakana na ya Malita. Malita mwenyewe alikuwa anampelekea uji kila siku. Mtoto akafa siku ya tatu baada ya chatu kutoroka.

Mnajua chatu alikwenda wapi. Nyoka anafuata joto. Siku ya maziko, watu wamejaa msibani, kijana mmoja akaenda kukata majani ya migomba upande wa Malita, akapiga kelele. Chatu alikuwa amejikunja kwenye shimo la jivu, hatua chache tu kutoka mlango wa Malita, amelala kwa raha zake. Wanaume wakakimbia na mapanga. Mimi na Ambakisye tulipofika alikuwa ameshakatwakatwa, na watu hawakuwa wanamtazama chatu tena. Walikuwa wanamtazama Malita, ambaye alikuwa amesimama na bakuli la uji wa waombolezaji.

Hakuna aliyempiga. Hakuna hata aliyemtukana. Baba yake Subilaga akasema kwa sauti ya chini, "Na uji wako ulikuwa unamletea." Basi. Ningependa angepiga kelele.

Msiniulize kama tulisema. Tulisema! Wazee walipokaa, Ambakisye alipiga magoti, kofia yake mkononi, akasema chatu ni wangu mimi, nilimwokota kwenye jaruba, nikamlea ghalani, Mungu ananiona. Nikasimama na mimi nikasema ni kweli, nilimwona kila siku. Nikakimbia kuleta kile chungu wakione.

Mzee mmoja alikipokea, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye mistari ile mitatu chini ya ukingo.

"Hii alama ya nani?"

"Ya Malita," nikasema. "Lakini vyungu vyote vya ghalani ni vya Malita. Hata hapa kwako maji unakunywa kwenye chungu chake."

"Kwa hiyo chatu alilala ndani ya chungu cha Malita."

"Nilimweka mimi!" Ambakisye akalia kabisa, mwanamume mzima.

Yule mzee hakuwa mkatili. Alimwambia kwa upole, kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa: "Mwanangu, mtu hafugi chatu. Umeona wapi? Mwenye chatu ndiye huwafanya vijana waamini ni wao wanaomfuga. Nenda kalale, umechoka."

Ningekuwa na sheria mkononi ningeitumia, lakini sheria haikuwa na pa kushika. Serikali ya Mwingereza ilikataza mwavi, ile sumu ya kumnywesha anayeshukiwa, ikakataza kumwita mtu mchawi. Watu wakaitii. Hawakumwita Malita mchawi. Waliacha tu kumwita. Salamu zikakatika. Vyungu vyake vikakaa barabarani mpaka mvua ikavinyeshea. Ibadani benchi lake likabaki na yeye peke yake, na alikuwa na sauti nzuri ya kuimba, ikawa inasikika peke yake upande ule. Lisemwalo lipo, watu walisema, kama halipo laja. Nimeichukia methali hiyo mpaka leo, na atakayeitamka hapa kwangu simpi chai.

Mwisho alikwenda mwenyewe kwa wazee. Mimi nilimsindikiza. Hakulia. Alisema: "Naondoka, nakwenda kwetu ufukweni, kwa kaka yangu Ikombe. Nyumba chukueni. Lakini mume wangu amelala hapa, na mimi nataka kulala kando yake. Nikifa, fanyeni kama zamani. Nipasueni tumbo mtazame. Mkikuta kitu, nitupeni. Msipokuta, nileteni nyumbani."

Zamani walifanya hivyo kweli. Mtu aliyesemwa, akifa, walimfungua tumbo wakatafuta alama ya chatu. Wakristo walikuwa wameacha. Wazee wakatazamana, wakanong'onezana, yule wa chungu akasema: "Tumekubali. Tumbo likiwa safi, utalala na mume wako." Malita akashukuru. Ee Kyala, Mungu wangu, akashukuru!

Nilikwenda Ikombe kumwona kila nilipopata nafasi. Alikuwa anafinyanga bado, ila aliacha kuweka alama. Tulizungumza habari za nyoka, nani ametaga, nani amejivua gamba. Akiwa na furaha alinikumbusha ukukwi wangu, akaniita bwana harusi. Lakini kila nilipoinuka kuondoka aliniuliza swali lilelile: "Wazee wangali wanakumbuka walichoniahidi?" Nikamwambia wanakumbuka. Na walikumbuka, siwezi kuwasingizia. Ambakisye hakuweza kwenda kumwona. Alirudi Lupa, na safari hiyo hakurejea.

Malita alifariki kwa kifua, wakati wa baridi. Kaka yake akatuma habari Bujonde, na wazee wakaja kama walivyoahidi. Walikuja na mtumbwi mkubwa, mkeka mpya na watu wa kupiga kasia, ili tumbo likiwa safi wamrudishe. Baba yake Subilaga alikuwepo. Kaka akaniita nisimame karibu, akasema, "Wewe unajua nyoka. Utasema ulichoona."

Palikuwa asubuhi, jua limetoka, nyuma ya nyumba. Aliyefanya kazi ile alikuwa mtu mzima anayeijua, alifanya kwa heshima, na mimi nilimshika kaka yake bega. Sitawaeleza. Mmekuja kuuliza nyoka, si haya. Nitawaambia tu kwamba palikuwa na tumbo la mama mzee aliyekula kidogo siku zake za mwisho. Hakuna alama, hakuna kovu, hakuna kitu.

Nikasema kwa sauti, wote wasikie: "Haya, mmeona. Ni safi." Na ndani ya huzuni ile nilisikia furaha, naapa, nilitaka kuimba. Nikainama nikaanza kuukunjua ule mkeka.

Wazee walisogea, wakatazama mmoja mmoja, bila haraka. Wakatikisa vichwa kukubali. Ndipo baba yake Subilaga akasema, tena bila ubaya wowote, kama mtu anayekumbusha jambo ambalo wote wanalijua:

"Chatu ataonekanaje humo? Si tulimuua wenyewe pale migombani?"

Yule mzee wa chungu akasema, "Ni kweli." Wakaenda ziwani kunawa mikono. Malita tukamzika palepale Ikombe, mimi na kaka yake, na mkeka ule mpya wakauchukua wakarudi nao.